Siku Chiriku Aliponyamaza

Chai ndiyo iliyowaumbua. Kikombe kimoja tu, tena cha kifuniko cha chupa, lakini kilikuwa na sukari ya kutosha kuharibu siku ya kila mtu ndani ya jengo lile.

Mtaalamu wa picha za ubongo pale hospitali, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba shingoni, alimchoma mzee kidoleni, akakamua tone la damu, akaliweka kwenye kipimo. Akatazama. Akachoma kidole cha pili. Kisha akauliza kwa upole, ule upole wa mtu anayejua jibu, kama mzee alikuwa ametia kitu chochote tumboni tangu jana usiku. Mke wa mzee alidakia kabla swali halijaisha. Hajala, hajanywa, hata mate anameza kwa ruhusa, yeye mwenyewe amemlinda kama askari wa benki. Binti yao, aliyekaa kando na mimba yake kubwa, akaitikia kwa kichwa.

"Chai ilikuwa tamu," akasema mzee. Alisema kwa uchangamfu, kama mgeni anayemshukuru mwenyeji wake. "Huyu dada alinipa. Mungu amzidishie."

Huyo dada alikuwa mke wake wa ndoa, aliyelala naye kitanda kimoja tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Mtaa mzima ulimwita Chiriku, kwa sababu mdomo wake haukuwa na siku ya mapumziko. Aliwasalimia watu, mbuzi, hata mabomba ya maji yakikohoa. Lakini asubuhi ile, mbele ya yule mtaalamu na mbele ya binti yake aliyegeuka kumkodolea macho, maneno yalimkaukia. Alifungua mkoba, akaitazama ile chupa ya chai kama vile ndiyo iliyomtia hatiani, akaufunga tena.

Kwa asiyejua, mambo yenyewe yalikuwa hivi. Pale hospitali palikuwa na utafiti wa wazee wanaougua kusahau. Mgonjwa hudungwa sindano ya sukari, lakini si sukari ya dukani, ni sukari iliyotiwa mionzi kidogo. Ubongo huipenda sukari kupita kiasi. Sehemu inayofanya kazi huila kwa fujo, sehemu iliyokwisha kuharibika haina hamu nayo, na ile mashine kubwa yenye tundu katikati huiona mionzi na kuchora picha: hapa panakula, hapa pamekufa njaa. Sasa mtu akija ameshakunywa chai yake, ubongo umeshashiba, na hiyo sukari ya sindano inakosa pa kwenda.

Na ubaya wake sukari hiyo haiwekeki. Hupikwa alfajiri mahali pengine mbali, huletwa kwa gari ndani ya chungu cha chuma kizito kama jiwe la kusagia, na kila dakika inapungua nguvu hapo hapo ilipo. Ya mzee ilikuwa imepimwa kwa uzito wa mzee. Hakuna wa kumpa, hakuna wa kumwekea. Mtaalamu alirudisha bomba la sindano ndani ya chungu chake, akakibeba kwa mikono miwili hadi stoo, sukari ikafie huko peke yake.

Daktari wa utafiti hakungoja waingie ofisini. Aliwasema hapo hapo kwenye varanda, mbele ya watu waliokaa kwenye benchi wakijifanya wanasoma mabango ukutani. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililouma zaidi. Akasema dawa mpya inayojaribiwa hapatiwi mtu mpaka picha ithibitishe kuwa ugonjwa wake ndio wenyewe, si mwingine. Bila picha hakuna dawa. Akasema wanaosubiri ni wengi.

"Mama, nafasi nitakupa moja ya mwisho. Ikiharibika tena, nampa mwingine. Usinilaumu."

Chiriku akasema ahsante daktari, ahsante mwanangu, samahani mwanangu, na angeendelea hivyo hadi jioni kama binti yake asingemshika mkono.

Huko nje getini binti alitoa yake. Yeye ni mwalimu wa watoto wadogo, amezoea kusema jambo moja mara kumi bila kukasirika, lakini siku ile uvumilivu ulimwishia. Aliuliza kama mama yake anajua hospitali za kulipia zinataka kiasi gani kwa picha kama ile. Wangeuza kibanda cha kunyolea pamoja na vioo na viti vyake, na bado wangefika robo ya njia. Aliuliza kama anajua barua ngapi ameandika, ofisi ngapi amekalishwa, na tumbo hili.

"Alikuwa anaiangalia chupa," akasema Chiriku. "Alikuwa anaiangalia hivi, mwanangu. Ningemnyima vipi?"

Mzee alikuwa ameshaanza kuondoka zake, anavuka barabara na pamba bado imebanwa kidoleni, na ilibidi wote wawili wamkimbilie.

Kibanda cha kunyolea kilikuwa hapo hapo mbele ya nyumba yao, chumba kimoja chenye viti viwili na kioo kirefu kilicholika kwenye kona. Watu walimwita mzee Fundi, tu, kana kwamba fundi mwingine hakuwahi kuzaliwa. Alikuwa mtu wa mkono mwepesi na maneno machache. Maneno yalikuwa kazi ya mke wake. Mke alifagia nywele, akachemsha maji ya taulo, akaongea. Wateja wengine walikuja kichwa hakijaota hata unywele, wamefuata habari. Fundi ananyoa, Chiriku amesimama nyuma na ufagio, anamsema mtu, anamsifu mtu, na Fundi akifurahishwa hageuki, anainua macho tu kwenye kioo na kumtazama mke wake humo. Ndivyo walivyotazamana miaka yote, yeye mbele, mke nyuma, kioo katikati. Watu wakimuuliza anawezaje kuishi na kelele zile, alijibu jibu moja: mimi nina mikono, mwenzangu ana mdomo, duka linakwenda.

Duka lilifungwa siku alipomnyoa mtu upande mmoja. Alikuwa kijana wa watu, anakwenda kuposa. Fundi alinyoa kushoto vizuri kabisa, akapangusa wembe, akamtikisia kitambaa, kisha akamuuliza kwa adabu, "Karibu bwana, unataka nikunyoe vipi?" Kijana alicheka akidhani ni mzaha. Alipojitazama kichwa chake akaona si mzaha. Chiriku aliongea siku ile mpaka sauti ikapotea, akaomba radhi, akarudisha hela, akamalizia mwenyewe ule upande wa pili. Fundi alikaa kwenye kiti cha wateja akitazama sakafu.

Baada ya hapo ugonjwa haukuwa na simile. Alisahau ufunguo, akasahau choo kiko wapi, akasahau jina la binti yake, kisha likaja lile lililomvunja Chiriku vipande: akaacha kumwita Chiriku. Akawa anamwita dada. Dada, naomba maji. Dada, ahsante. Kwa heshima zote, kama vile ni jirani mwema aliyejitolea. Chiriku hakumwambia mtu jinsi lile neno lilivyomchoma. Yeye anayesema kila kitu, hilo alilimeza.

Ndiyo maana aliitaka dawa ile. Daktari alishasema wazi kwamba haiponyi, labda inapunguza kasi, tena labda haifanyi kitu, ndiyo maana wanajaribu. Chiriku alisikia yote hayo na akayaweka kando. Alichotaka ni kidogo. Aitwe jina lake tena, hata mara moja.

Tatizo la pili lilikuwa gumu kuliko chai. Baada ya sindano, mgonjwa hutakiwa alale kimya kwenye chumba chenye mwanga hafifu wakati sukari inapanda kichwani. Kimya cha kweli: asisome, asisikilize kitu, asisemeshwe. Fundi hakuweza kulazwa peke yake. Walijaribu siku moja kabla ya yote, bila sindano, na hata mlango haujafungwa vizuri alikuwa ameshaamka anatafuta mkasi wake. Alihitaji uso wa mtu wake mbele yake ndipo atulie. Binti alikuwa tayari, yeye angekaa kimya siku nzima, lakini mtu aliyedungwa mionzi hakaliwi karibu na mwenye mimba. Wakamkatalia hata kupita kwenye ujia wa chumba kile.

Akabaki Chiriku.

"Mama," binti akamuuliza jioni moja jikoni, "utaweza?"

"Kuweza nini?"

"Kunyamaza."

Wakatazamana, na wote wawili wakacheka, kicheko cha kwanza katika nyumba ile tangu ile chai. Halafu Chiriku akaapa. Akaweka mkono kichwani mwa binti yake, akaapa kwa hicho kichwa na kwa kilichomo tumboni, kwamba atakuwa gogo.

Akaanza mazoezi. Alikaa barazani na sinia la mchele akachambua bila neno, midomo ameibana mpaka imepauka. Mwuza maziwa akapita, akamsalimia. Kimya. Mwuza maziwa akasimama, akauliza kama kuna msiba. Chiriku alijikaza, akajikaza, halafu akashindwa, akamweleza habari yote kuanzia ile chai, na maziwa ya watu yakachelewa. Lakini kesho yake aliweza zaidi, na keshokutwa zaidi, mpaka majirani wakawa wanapita wakichungulia, maana ile nyumba bila sauti yake ilikuwa inatisha.

Siku yenyewe ilipofika, Fundi alikuwa na njaa na hakupewa kitu. Alifuata kabati la vikombe kama mtoto, na Chiriku akamrudisha, akamrudisha tena, macho ameyaelekeza pembeni ili asimwone usoni. Hospitalini kipimo cha damu kilikubali. Mtaalamu alimwinulia Chiriku kidole gumba. Binti akabaki kwenye benchi la mbali, akiwapungia mkono.

Kile chumba hakikuwa na dirisha. Kilikuwa na taa moja iliyopunguzwa, kiti kirefu cha kulalia, blanketi la kijivu, na feni ya ukutani inayovuma taratibu. Karibu na mlango palisimama kizuizi kizito cha kukinga mionzi, urefu wa mtu, chenye kidirisha cha kioo kinene. Nyuma yake waliweka kiti cha Chiriku. Akikaa, uso wake ulienea sawasawa ndani ya kile kioo.

Mtaalamu alimweleza mara ya mwisho. Asiinuke, asimguse, asiseme hata neno. "Sasa hivi ubongo wake unakwenda kula. Akikusikia, sehemu ya kusikia itakula kupita kiasi. Akikujibu, na ya kusema itakula. Tutakachopata hapo si picha ya ugonjwa, mama. Itakuwa picha ya maongezi yenu."

Akasukuma sindano, iliyovikwa ganda la chuma, polepole mkononi mwa mzee. Fundi hakushtuka. Mtaalamu akatoka na kufunga mlango.

Mwanzoni mambo yalikwenda. Fundi aliangalia dari. Vidole vyake vya mkono wa kulia vilikuwa vinafunguka na kufumba juu ya blanketi, vinakata nywele za mtu asiyekuwepo. Chiriku aliviangalia, na maneno yakaanza kumjaa kifuani kama kawaida yake. Aliyarudisha. Alihesabu mistari ya blanketi.

Halafu Fundi akainua macho. Hakugeuza kichwa, aliinua macho tu, kama zamani. Akaliona lile dirisha dogo la kioo, na humo ndani uso wa mke wake.

Sijui ni nini kilifanyika kichwani mwake, na daktari wala mashine yake hawajui. Labda ni kile kioo. Labda ni kwa vile mke wake alikuwa amekalishwa pale pale alipozoea kumwona, nyuma, ndani ya kioo, ila safari hii midomo haichezi. Uso wa Fundi ulifunguka. Ile hali ya mgeni mwenye adabu ilimtoka yote.

"Chiriku," akasema.

Chiriku akashika ubao wa kiti kwa mikono miwili.

"Chiriku, mbona leo kimya?"

Sauti ilikuwa yake mwenyewe, ile ndogo, yenye utani chini yake. Neno lilikuwa tayari ulimini. Abee. Neno dogo kuliko yote anayoyajua. Akakumbuka varanda, na benchi la watu, na daktari asiyepaza sauti. Ikiharibika tena, nampa mwingine. Akakumbuka mkono wake juu ya kichwa cha binti. Akajiambia vumilia, mwanamke, hii ndiyo dawa yenyewe unayoitafuta, ukivumilia sasa atakuita kila siku.

"Nimekuudhi?" akauliza Fundi. Akangoja. Alikuwa mtu wa kungoja jibu. "Kama ni yule kijana niliyemwacha nusu, nilijua. Nilipoona unamnyoa wewe, nilijua. Niliona haya kukwambia."

Feni ikavuma.

"Najua naharibika, Chiriku. Nakuona unavyohangaika. Nisemeshe tu kidogo. Usininyamazie."

Machozi yalikuwa yanamtiririka Chiriku hadi shingoni, na hakuthubutu kuyafuta wala kuvuta kamasi. Alitikisa kichwa. Hakujua alikuwa anakataa nini. Alitaka mume wake aelewe kwamba si hasira, kwamba amekatazwa, kwamba baadaye, baadaye kidogo tu. Na kwa kuwa hakuwa na njia nyingine ya kumwambia, aliinua kidole akakiweka kwenye midomo yake mwenyewe.

Fundi alikitazama kile kidole.

"Sawa," akasema. "Sawa, nanyamaza."

Akageuza uso ukutani. Vidole vyake vikatulia juu ya blanketi.

Mlango ulipofunguliwa, Chiriku alikuwa amesimama. Alikuwa amepanga kumrukia pale pale, aliseme lile neno lake na mengine yote, lakini mtaalamu akamwekea mkono mbele, asubiri kwanza mashine imalize, na akae mbali naye. Mzee akainuliwa. Alipopita karibu na kizuizi alimtazama mke wake kwa adabu.

"Habari za asubuhi, dada," akasema.

Mashine ilipokwisha kumla na kumtema, mtaalamu alikuja na karatasi yake. Aliuliza maswali mawili matatu ya kawaida. Mzee alisinzia? Alijikuna? Kisha: "Alisema chochote?"

Hapo Chiriku angeweza kusema kweli. Angeambiwa nini? Labda wangesema si neno, maneno machache hayaharibu. Labda. Lakini mtu aliyeaibishwa mara moja mbele ya benchi la watu hasahau, na alichokiona mbele yake kilikuwa ni kile chungu cha chuma kinabebwa kwenda stoo.

"Hapana," akasema. "Alikaa kimya."

"Na wewe?"

"Na mimi."

Mtaalamu akavua miwani, akaiacha ining'inie, akamshika bega. "Hongera, mama. Kusema kweli sikutegemea."

Binti naye alimpongeza kutoka kwenye lile benchi la mbali, kwa sababu ya tumbo. Mpaka kesho yake asingemkaribia baba yake. Walirudi nyumbani kwa magari mawili, na wakati wote ule wa njia Chiriku alimsemesha mume wake sikioni, ingawa aliagizwa akae hatua moja mbali naye. Abee. Nipo. Sijakukasirikia. Ni mimi Chiriku, ni ile sindano waliyokutia, walinikataza kusema. Fundi alisikiliza yote kwa makini. Mwisho akauliza kama watapita mahali pa kupata chai.

Picha ilitoka safi. Daktari aliwaita ofisini, safari hii kwa viti, akageuza kioo cha kompyuta ili waone. Kichwa cha Fundi kilikuwa kimekatwa vipande vipande kama kitunguu, na kila kipande kina rangi zake. Nyekundu ndipo panapokula. Bluu ndipo palipolala. Nyuma, na pembeni juu ya masikio, bluu ilikuwa imetanda pande zote mbili. Ugonjwa ndio wenyewe, akasema daktari, na mzee ameingia kwenye dawa. Binti alilia kwa furaha, akamkumbatia mama yake, tumbo likawa katikati. Daktari akasema picha ile ni moja ya zilizotulia kuliko zote alizowahi kupata, na sifa zote ni za mama.

Chiriku alisogeza kiti.

"Daktari, pa kusikia ni wapi?"

Daktari akamwonyesha kwa kalamu.

"Pakoje?"

"Pametulia. Hapa hapakusikia kitu."

"Na ningemsemesha?"

"Pangewaka, mama," akasema daktari, akacheka. "Pangewaka kweli kweli. Na mimi na wewe leo tusingekuwa hapa."

Chiriku alikitazama kile kipande kwa muda mrefu. Alikuwa anatafuta kitu kingine, mahali ambapo sauti ya mume wake, ile ndogo, ilipita, Chiriku, mbona leo kimya, hata kama ni doa tu. Hakukiona. Na kuuliza asingeweza, alishasema alikaa kimya. Akasema ahsante daktari, mara moja tu.

Dawa ilianza. Fundi alidungwa kila walipopangiwa, hakulalamika. Mjukuu alizaliwa, mtoto wa kike, akawekwa mapajani mwa babu yake, naye akamsifia kama mtoto wa jirani. Daktari alipima na kupima. Alimpa maneno matatu ayashike, wakaongea mambo mengine kidogo, akamwomba ayarudishe, na hakuna hata moja lililobaki. Akawaeleza wasivunjike moyo, kwa hali yake jambo jipya halikai tena kichwani, linaingia na kutoka.

Lakini moja lilikaa. Ugonjwa gani huu unaochagua namna hii, mimi sijui. Lilianza kama mnong'ono, binti ndiye aliyelisikia kwanza, baba yake akiwa barazani peke yake. Alikuwa analalamika kwamba mke wake amemnunia. Binti akamcheka kwa mapenzi. "Baba, mama hajamnunia mtu tangu azaliwe. Hawezi hata akilipwa." Jikoni, Chiriku aliendelea kuosha sufuria ambayo ilikwisha kutakata.

Siku aliyoambiwa Chiriku mwenyewe ilikuwa mchana, ndani ya kibanda. Alikuwa amemkalisha Fundi kwenye kiti cha wateja ili amnyoe ndevu, maana sasa kazi hiyo alikuwa ameshaijua. Alimfunga kitambaa shingoni, akampaka povu, akaanza kushoto. Fundi alitulia. Na kama wateja wote waliowahi kukaa kwenye kiti kile, wembe ulipomgusa akaanza kumweleza kinyozi yaliyomo moyoni.

"Una mkono mwepesi, dada."

"Ahsante."

"Mke wangu angekupenda. Yule ana maneno, we acha tu. Duka lote hili ni maneno yake." Akatabasamu. Kisha tabasamu likamwisha. "Sasa kaninyamazia. Nilimwita. Ananiangalia hivi hivi, haitiki. Akaniwekea kidole: nyamaza."

Wembe ukasimama.

"Labda alikatazwa," akasema Chiriku.

Fundi akacheka, cheko la kweli, mpaka povu likamrukia kwenye kitambaa. "Nani wa kumkataza Chiriku kusema?"

Chiriku akaweka wembe chini. Akazunguka, akapiga magoti mbele ya kiti, akamshika mikono yote miwili. "Mimi ndiye Chiriku. Abee, mume wangu. Abee. Nilisikia yote. Niko hapa."

Fundi alimtazama kwa huruma, jinsi mtu anavyomtazama mwenzake anayejaribu kumfariji kwa kitu asichonacho.

"Wewe ni mtu mwema, dada," akasema. "Lakini Chiriku kanikasirikia. Na mimi nilimwambia sawa, nitanyamaza."

Akainua kidevu, akafumba macho, akangoja. Chiriku alibaki pale magotini mpaka povu likaanza kukauka kwenye shavu la mzee. Kisha akainuka, akachovya wembe kwenye maji, akamalizia ule upande wa pili, kwa sababu hakutaka kumwacha nusu.